Anayetaka kuacha pombe usimpe karatasi tu, mfikishe mlangoni



Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, tunakutana na mgonjwa aliyelala kando ya birika la Bethzatha, kule Yerusalemu. Ugonjwa wake ulikuwa na miaka 38. Yesu alimuuliza kama anataka kupona. Ni swali ambalo mimi na wewe tungelijibu kwa neno moja. Yule mtu hakusema ndiyo, wala hakusema la. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, na kila anapojikokota kwenda, mwingine humtangulia.

Mara nyingi tunapohubiri sura hii tunakimbilia muujiza. Leo naomba tukae kidogo na lile jibu. Mtu huyu hakusema kwamba hajui birika liko wapi. Alikuwa amelala ukingoni mwake. Njia aliijua na maji aliyaona. Alichokosa ni mtu.

Nimelikumbuka jibu hilo kwa sababu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, nikiwa mchungaji wa ushirika fulani. Nalisimulia kwa idhini ya mhusika, bila kumtaja jina wala mtaa.

Usiku mmoja, yapata saa tano, mke wa mwanakwaya wetu mmoja alinipigia simu. Mumewe alikuwa fundi hodari na baba wa watoto watatu. Aliniambia, "Mchungaji, njoo umwone. Leo amelala kizingitini, na watoto wanamruka wakienda chooni." Nilikwenda. Niliomba naye. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya madhabahu akaahidi kwamba hataonja tena pombe. Tulipiga makofi na kuimba, na mkewe akalia kwa furaha.

Ahadi ile ilidumu siku 19. Alipoanguka, aliacha kukaa na kwaya, akahamia viti vya nyuma. Baadaye akawa anasimama nje, chini ya mti, mpaka ibada iishe. Kisha hakuonekana tena. Mtu aliyeahidi mbele ya watu 300 akashindwa ana watu 300 wa kuwakwepa. Hilo sikulifikiria wakati ule.

Daktari mmoja ndiye aliyenieleza kwamba kuna mkutano wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, mwendo wa dakika 20 tu kutoka kanisani kwetu. Nilifurahi. Nilichukua karatasi, nikaandika mahali, siku na saa, nikampelekea yule ndugu nyumbani. Nilimwambia mkewe asiwe na wasiwasi, njia imepatikana. Nikarudi zangu nikiamini kwamba kazi yangu imekwisha.

Miezi saba baadaye niliitwa hospitalini. Alikuwa amekonda, macho yana umanjano. Alivuta Biblia yake kutoka chini ya mto, akaifungua katikati ya Zaburi, na karatasi yangu ilikuwa humo, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kuchanika.

"Mchungaji," alisema, "hii nimeikariri. Nimekwenda mara nne. Nafika langoni, naona watu wanaingia, moyo unaniambia, 'Nani anakujua wewe humo ndani?' Basi narudi. Na njia ya kurudi inapita kwa mama muuza chang'aa. Anwani ninayo. Lango ndilo lililonishinda."

Nilikosa la kumjibu. Nilikuwa nimemwonyesha birika mtu aliyekwisha kuliona, nikaondoka.

Msomaji wangu, huenda unasema kwamba jambo hili haliwahusu watu wa kanisani kwenu. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa na NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, mwaka 2022, ulionyesha kwamba takriban Mkenya mmoja kati ya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe. Hao ni zaidi ya watu milioni 1.3. Tazama safu za viti kanisani kwenu leo. Sisemi kwamba kila safu ina mlevi. Ila mama anayekuja peke yake kila Jumapili na kusema mumewe yuko safarini, kijana ambaye jina lake hurudi katika maombi ya kila Ijumaa, na mzee anayetafuna peremende kila unapomsalimu, wote wanapita mbele ya macho yetu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mtu hufichua maradhi yake mahali anapojua hatachekwa.

Na hapa tukiri jambo. Makanisa yetu hayana sifa nzuri ya kutunza siri. Ombi linalotolewa kwa machozi Jumatano jioni huwa limefika sokoni Alhamisi asubuhi. Tunamwambia mlevi afunguke kwetu, naye ameshaona waliofunguka walivyofanywa.

Vikundi ninavyovisema vilianza kwa mtu aliyetafuta mtu, na kanisa lilikuwa na sehemu yake. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, ambacho wengi hukiita AA, na jina lake lina maana ya walevi wasiotajwa majina. Mwezi Mei mwaka 1935, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa hajanywa kwa miezi mitano. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na alisimama peke yake katika ukumbi wa hoteli. Upande mmoja palikuwa na baa, na vicheko vilisikika. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji ule.

Wilson alijua kwamba akiingia baa amekwisha. Alijua pia kwamba kilichomsaidia miezi ile mitano ni kuzungumza na walevi wenzake. Basi alichagua jina la kasisi mmoja katika ile orodha, Walter Tunks, akampigia simu. Fikiria wewe ndiye kasisi huyo. Mgeni usiyemjua anakupigia na kukueleza kwamba yeye ni mlevi kutoka New York na anatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Wengi wetu tungekata simu. Kasisi Tunks hakukata. Alimpa majina ya watu wa kuwasiliana nao, na kupitia majina hayo Wilson alimfikia mama mmoja Mkristo, Henrietta Seiberling, ambaye alikuwa akimwombea daktari wa upasuaji wa mji ule, Robert Smith, aliyekuwa akizama katika pombe.

Mama Seiberling hakuishia kwenye kuomba. Aliwaita wote wawili nyumbani kwake. Siku iliyofuata, Jumapili tarehe 12 Mei, ambayo kule ilikuwa Siku ya Akina Mama, Dkt Smith alifika shingo upande, akisema atakaa dakika 15 tu. Alikaa saa sita. Baadaye alieleza kwamba madaktari na wachungaji walikuwa wamezungumza naye sana, lakini huyu alikuwa wa kwanza anayeujua ulevi kutokana na maisha yake mwenyewe. Dkt Smith alikunywa pombe yake ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka ule, na siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa AA. Hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950.

Hesabu watu waliohusika: kasisi aliyepokea simu, mama aliyefungua nyumba, na mlevi aliyekubali kusema ukweli wake. Hakuna aliyehubiri siku ile. Kila mmoja alimshika mkono mwenzake akamsogeza hatua moja.

Lakini najua swali ambalo waumini wengi hutuuliza. Kwani Yesu hatoshi? Kwa nini mtu aliyeokoka aende kukaa na kikundi ambacho si kanisa, kinachomtaja Mungu kwa namna kila mmoja anavyomwelewa?

Swali ni halali, na sitalikwepa. AA si kanisa na haidai kuwa kanisa. Haina ubatizo wala meza ya Bwana, na hatupaswi kuitafuta wokovu humo. Lakini mgonjwa wa kisukari tunamwombea Jumapili na Jumatatu tunamsindikiza kliniki, wala hatuoni kwamba tumemvunjia Yesu heshima. Katika Yohana 11, Bwana alimwita Lazaro kutoka kaburini kwa neno lake mwenyewe. Hakuna mwanadamu aliyeweza kumsaidia kazi hiyo. Lakini Lazaro alipotoka bado amefungwa sanda mikono na miguu, Yesu aliwaagiza waliosimama pale wamfungue. Aliyemfufua mtu wa siku nne hakushindwa kufungua vitambaa. Aliiacha kazi hiyo kwa majirani.

Naye Yakobo, katika sura ya 5 mstari wa 16, anatuagiza tuungamiane dhambi zetu na kuombeana ili tupate kuponywa. Tuseme ukweli: ni ushirika gani kwetu ambao mtu anaweza kusimama na kusema jana nilikunywa, na akaondoka bado ana heshima yake? Kama kikundi cha watu kumi katika chumba chenye viti vya plastiki kinafanya hivyo kila wiki, basi kinatukumbusha tulichoagizwa sisi.

Wala si maneno ya ushuhuda tu. Mwaka 2020 watafiti walipitia tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, wakaona kwamba AA, pamoja na tiba zinazowaunganisha wagonjwa na vikundi hivyo, husaidia watu kuacha pombe kabisa sawa na tiba nyingine zinazotambulika, na mara nyingi kuzishinda. Si kila mtu hufaulu. Lakini njia hii si ya kubeza.

Sasa tuseme unaye mtu, au wewe mwenyewe ndiye mtu huyo. Ufanye nini?

Kwanza, angalia mwili. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani, wala asifungiwe chumbani kwa maombi. Pombe ikikatwa kwa ghafla, baadhi ya watu hutetemeka, hutokwa na jasho, huona vitu visivyokuwepo, hushikwa na kifafa, na wengine hufa. Huyo apelekwe hospitalini kwanza, aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Kumpeleka si kukosa imani.

Pili, utafute mkutano mwenyewe kabla ya kumwambia. Hapa Kenya, NACADA ina simu ya bure, namba 1192, ambapo unaweza kupata ushauri na kuelekezwa. Ukiwa Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea simu bure kwa namba 119, nao unaweza kuwauliza huduma za uraibu zinapatikana wapi. Uliza pia katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Waulize makasisi na wachungaji wa makanisa mengine mjini, kwa kuwa vikundi vingi hukutana katika kumbi za makanisa. Pale ambapo hakuna kikundi karibu, ipo mikutano inayofanywa kwa simu na mtandao, na mtu anaweza kuisikiliza akiwa chumbani kwake.

Ukimpata mhusika wa kikundi, uliza mambo manne: siku na saa, chumba chenyewe ni kipi, mkutano ni wa wazi au wa faragha, na ni nani atakayempokea mgeni. Mkutano wa wazi huruhusu hata ndugu na marafiki kuingia. Wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Swali la nne ndilo nililolisahau mimi.

Tatu, mweleze atakachokikuta, maana hofu hukua mahali pasipojulikana. Mwambie kwamba mkutano huchukua muda wa saa moja hivi. Hakuna ada, ingawa wenyeji huchangia kidogo kwa hiari kulipia chumba na chai. Haandikishwi popote. Hutumia jina lake la kwanza tu. Anaweza kusikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Mmoja huzungumza na wengine husikiliza, hakuna anayemkatiza wala kumkemea. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Akiendelea kuja, atashauriwa achague mlezi, yaani mtu aliyetangulia katika njia hiyo, ambaye anaweza kumpigia simu hata usiku wa manane kiu inapomshika.

Nne, mke, mume, wazazi na watoto wasisahauliwe. Tangu mwaka 1951 kuna ushirika wao wenyewe, Al-Anon, ulioanzishwa na mke wa Bill Wilson, Lois, pamoja na mwenzake. Humo mama hujifunza kwamba hakuusababisha ulevi wa mumewe, na kwamba kumwaga chupa kwenye sinki hakujamponya mtu yeyote.

Tano, nenda naye. Usimwelekeze. Mpitie nyumbani mapema, kabla saa ya jioni ile anayoizoea kwenda kunywa haijafika. Mfikishe langoni, mvushe lango, umkabidhi kwa mtu aliye hai. Kama mkutano ni wa faragha, kaa nje umsubiri. Na wiki ijayo nenda tena. Akiona kikundi cha kwanza hakimfai, mtafutieni kingine, kama mtu anavyohama kanisa moja kwenda jingine bila kumwacha Mungu.

Yule ndugu wa hospitalini alipopata nafuu, nilimfuata nyumbani Alhamisi moja jioni. Njiani hakusema lolote. Tulipofika langoni alisimama, nami nikasimama. Mzee mmoja mwenye mkongojo alitoka ndani, akatusalimu, akataja jina lake la kwanza na kusema, "Karibu. Chai bado ya moto." Wakaingia wote wawili. Mimi niliketi nje kwenye benchi kwa muda wa saa nzima, na nakiri ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuwa mchungaji asiyekuwa na kazi ya kufanya ila kusubiri.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Aliniambia, "Mchungaji, wamesimulia maisha yangu, na hawanijui."

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwisha siku hiyo. Alianguka tena baada ya miezi miwili. Tofauti ni kwamba safari hii alijua mahali pa kurudi, na Alhamisi iliyofuata alirudi. Sasa ni mwaka wa sita. Amerudi kwenye kwaya, anaimba besi. Na kila Alhamisi jioni hukaa karibu na lango lile, akiwatazama wanaosita barabarani. Anasema huwatambua kwa namna wanavyojifanya kusoma simu.

Mpendwa, ukitoka ibadani leo, kuna mambo matatu ambayo kanisa lenu linaweza kuyaanza bila bajeti. Mtoeni chumba kimoja jioni moja kwa wiki kwa kikundi kitakachokihitaji, bila kuchungulia dirishani kuona nani ameingia. Mwekeni mzee mmoja wa kanisa, mwanamume au mwanamke anayejulikana kwa kutunza siri, awe ndiye anayejua mikutano iko wapi na yuko tayari kusindikiza. Na pale ambapo meza ya Bwana hutolewa kwa divai, mpangie mapema anayepambana na pombe apokee mkate tu, au kikombe kisicho na kileo, bila kumfanya atazamwe na watu.

Na kama wewe ndiye unayesoma haya huku chupa ikiwa nyuma ya kabati, sikiliza. Yesu hakumkemea yule mgonjwa wa Bethzatha kwa kukosa mtu. Alikuja mwenyewe, akamsemesha kabla hajaombwa. Baadaye yule mtu alionekana hekaluni, akitembea kwa miguu yake. Leo Bwana huenda atakujia kwa umbo la jirani mwenye funguo za gari, au mzee mwenye mkongojo anayesema chai bado ya moto. Mwambie mtu mmoja kabla jua la leo halijazama. Usiseme mengi. Sema tu kwamba unataka kwenda, na huwezi kwenda peke yako.

Nawe uliyeambiwa hivyo, usitafute karatasi wala kalamu. Tafuta viatu vyako.